Eda kando ya tanuri

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefagia chumba mara mbili tangu alfajiri. Majivu yanaingia chini ya mlango, yanatua kwenye mto wa kulalia, kwenye chai, kwenye nguo yangu nyeupe. Nyeupe kwa jina tu. Mwanamke wa eda haruhusiwi kujipaka wanja, lakini tanuri limenipaka bure.

Liko nyuma ya nyumba, karibu na dirisha langu. Ni la Idi, mume wangu. Alilipanga kwa mikono yake, tofali juu ya tofali, akalimaliza mwezi wa saba. Jumatatu akaumwa kichwa, Alhamisi tukamzika. Shabani, mdogo wake, ameliwasha juzi. Kuni mbichi, hewa imesimama. Ng'ambo ya mto, upande wa mjini, wanachoma mashamba. Huku Lubunga kila mwenye udongo anachoma matofali kabla mvua haijarudi. Jua limeonekana adhuhuri, jekundu, halafu likapotea tena.

Siwezi kulalamika. Matofali hayo ni ya nyumba hii. Idi alijenga nusu ya mtaa kwa tofali la kuchoma, na sisi wenyewe akatuweka ndani ya tofali bichi. Kinyozi hajinyoi. Miaka yote aliniambia tanuri lijalo ni letu. Sasa limekuja, na yeye hayupo.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama mkwe amekohoa usiku kucha. Kifua chake kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Tuko wawili tu humu ndani, yeye na mimi. Mungu hakutupa mtoto.

Asubuhi nilijikaza nikamwambia kwamba kifua chake hakitaki moshi huu. Nilitaka aseme twende kwa Shabani, kule juu karibu na gare ya treni, hewa ni nzuri kidogo. Akaniangalia muda mrefu.

"Mimi si kitu," akasema. "Mwanamuke wa eda hatokake inje juu ya moshi. Moshi haiuake mutu."

Nikarudi chumbani. Hiyo ni amri, nimeielewa: hatoki mtu kwa sababu ya moshi. Macho yananiwasha. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Maiti hakasirikiwi.

Jumatatu, 18 Agosti

Miezi minne na siku kumi. Vitabu vinasema mjane anaweza kutoka mchana kwa haja yake. Lakini ukoo wa Idi una sheria zake, za tangu mababu waliokuja na misafara. Chumbani, pazia mlangoni, mwanamume asikuone. Shabani mwenyewe anazungumza nami nyuma ya pazia, kikohozi kwanza, halafu salamu, halafu maneno. Miaka mingi alikula kwangu akinitania kwamba pondu yangu, mboga ya majani ya mihogo, haina chumvi. Leo anaongea na kitambaa.

Siku ya mazishi niliwasikia wanawake wa ukoo ukumbini. Walidhani nimelala. Huyu ni mwalimu, walisema, amezoea kutembea, tena hana mtoto wa kumfunga. Hatamaliza. Mtaona atashika sakoshi yake ya begani na kuondoka.

Sitasahau. Nitamaliza hata kama ni kwa ubishi tu.

Jumamosi, 23 Agosti

Moto umekufa. Wamekandika udongo kila tundu ili tanuri lipoe taratibu. Leo nimeona rangi ya mbingu. Bluu iliyochujuka, lakini ni bluu.

Shabani amekuja paziani. Kati ya watu wa matofali kuna desturi: aliyelipanga tanuri ndiye anayelivuta tofali la kwanza. Mwingine akitangulia, wanasema, tofali litapasuka ukutani. Kama aliyelipanga amekufa, zamu ni ya nyumba yake. Yaani ni yangu mimi, na mimi niko ndani.

"Ya kwanza ni ya kwako, shemeji," akasema. "Donc hatufungue. Tutangoja eda imalize."

Nilimwambia mvua itakuja kabla. Akasema tofali likiisha kuiva haliogopi maji. Hilo ni kweli. Linaloogopa maji ni hili bichi ninaloliegemea nikiandika.

Jumatatu, 8 Septemba

Shule zimefunguliwa. Watoto wamepita dirishani na sare mpya, wengine wangu wa mwaka jana. Mmoja aliita Madame! kisha akakumbuka, akajiziba mdomo. Nimelia kidogo. Kuna mwalimu mwingine darasani mwangu. Wanasema ni mpole. Basi watampanda kichwani.

Jirani, Mama Béa, amenipitishia mbinzo, viwavi wa porini, juu ya ua, wamekaangwa vizuri na pilipili. Yeye ni Mlokele, wa kabila la mtoni, anafuata samaki chini ya mto, Isangi na Basoko, na kwake kila habari inafika kabla ya redio. Anasema mto uko juu kuliko kawaida ya mwezi huu. Mama mkwe amesema Walokele tangu zamani wanapenda kutisha watu na mto. Halafu amekula mbinzo wote waliobaki.

Vijana wa Shabani wanachimba tena. Shimo la udongo lilianza kule chini, karibu na maji. Idi ndiye aliyelianzisha. Kila mwaka linapanda kuja kwetu. Pale palikuwa na mgongo wa ardhi, ukikaa ndani huoni mto. Sasa naona mto nikiwa nimelala.

Jumapili, 5 Oktoba

Naandika haraka, nitaandika vibaya.

Baada ya swala ya alasiri mbingu ilikuwa nyeusi upande wa juu ya mto. Hakuna upepo. Kuku wakaingia wenyewe. Halafu upepo ukaja wote kwa pamoja. Bati za jikoni zikaondoka, moja baada ya nyingine, nikazisikia zikianguka mbali. Mama mkwe aliuzuia mlango kwa mgongo wake, mzee yule, miguu imesimama imara, midomo inasoma. Mimi nilikuwa chini ya meza. Ndiyo, chini ya meza. Niliogopa kama mtoto. Mchikichi wa Mama Béa umeanguka juu ya choo chetu. Hakukuwa na mtu ndani, alhamdulillah.

Mvua haikushuka, ilikuja kwa ubavu. Imepiga ukuta wa dirisha mpaka lipu yote imeanguka. Matofali mabichi yako nje kama meno.

Shimo limejaa maji. Vyura wameshahamia.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua kila siku. Nguo haikauki, godoro linanuka. Chini ya dirisha ukuta umekuwa laini. Nimeutia kidole, kimeingia. Nimekichomoa haraka, nikakaa kitandani nikikiangalia.

Shabani ameleta magunia ya mchanga, ameyapanga upande wa shimo. Nimemsikia ukumbini anamuuliza mama yake tufanye nini. Mama akamjibu amuulize mwenye eda. Akaja paziani, akakohoa.

"Shemeji, iko bien humu ndani?"

Ningesema nini? Kwamba mwalimu anataka kushika sakoshi yake? Mama yuko pale pale anasikiliza. Nilisema iko bien, vizuri kabisa.

Mjinga. Mjinga mimi.

Jumatatu, 3 Novemba

Mama Béa amerudi kutoka Isangi bila samaki. Amesimama uani, miguu imejaa matope mpaka magoti, akaongea kwa sauti ili nisikie chumbani.

"Madame, kule batu banalala ndani ya mapirogue, ndani ya mitumbwi. Soko iko chini ya maji. Na hii maji yote inatokea huku kwetu, inapita hapa kwanza!"

Mama akamwambia apunguze sauti, hapa kuna msiba. Mama Béa akapunguza, halafu akarudia yote vilevile.

Usiku nasikia maporomoko ya mto mpaka huku. Kwa kawaida yanasikika kwa mbali tu. Sasa kishindo cha mawe kimenyamaza, yamekuwa mngurumo mmoja mzito usio na pumzi. Maji yamefunika mawe. Idi alikuwa anasema mto ukinyamaza, funga mizigo.

Jumapili, 9 Novemba

Leo ilikuwa nafasi yangu. Nimeitupa.

Mwalimu wa msikiti amemtuma Shabani. Ujumbe mwepesi kabisa: mwenye kuhofia nafsi yake ahame, eda inahama naye, haina ugomvi na mtu. Shabani ameusema wote nyuma ya pazia, neno kwa neno, kama mtoto aliyekariri. Jikoni mwiko ulikuwa unakoroga, nao ukasimama. Mama anasikiliza. Nilingoja aseme neno moja tu. Haya, twende. Hata kikohozi kingetosha. Hakusema.

Nikaona akilini sura za wale wanawake wa ukumbini. Nikasema nitakaa.

Mwiko ukaanza kukoroga tena. Shabani alishusha pumzi ndefu, akaenda.

Ninaogopa kufa ndani ya nyumba hii. Naandika hapa kwa sababu sina pa kulisema hili. Ninaogopa, na nimesema nitakaa.

Jumatano, 12 Novemba

Shimo na mto vimekuwa kitu kimoja. Asubuhi kulikuwa bado na ukanda wa nchi kavu katikati, umbo la upinde. Jioni haupo. Mto umepitia hapo hapo tulipochimba, moja kwa moja, kama mgeni aliyeelekezwa njia. Majirani wa kushoto na kulia, ambako hakuna shimo, bado wako pakavu. Sisi wenyewe tumeufungulia mlango. Udongo wetu uko kwenye kuta za watu, na maji yote yako kwetu.

Ijumaa, 14 Novemba

Maji uani. Yanakuja polepole, hayana haraka wala aibu. Yanabeba ndala, majani ya mihogo, panya mmoja aliyekufa. Choo kimefurika na harufu siielezi.

Mama Béa anahama. Amebeba sufuria zake kichwani, ametia miguu majini mpaka kwenye dirisha langu, jambo ambalo hajawahi kufanya tangu niingie eda. Tuliangaliana. Amezeeka tangu Julai. Nadhani naye aliniona vivyo hivyo.

"Madame, maji haijue eda," akasema. "Vraiment, kweli kabisa. Toka."

Nilimwambia namngoja mama. Akatikisa kichwa, akaenda na sufuria zake zikigongana.

Jumamosi, 15 Novemba

Maji yameingia. Ukumbini yanafika kwenye kifundo cha mguu. Tumeinua kitanda juu ya matofali, tumelala wawili, mama na mimi, mara ya kwanza maishani. Ana miguu ya baridi. Hakuna aliyelala.

Shabani amekuja asubuhi, suruali imekunjwa. Anatafuta mtumbwi. Yote imekodiwa na watu wanaohamisha mizigo kwenda ng'ambo. Amesema tungojee, atarudi nao kesho, kwa ajili ya vitu. Kwa ajili ya vitu! Hakusema kwa ajili yetu. Hata sasa hakuna anayethubutu kusema tutoke.

Ukuta wa dirisha unatoa sauti. Si mpasuko. Ni kama mtu anayemeza mate.

Daftari hili nimelifunga ndani ya nailoni, nimelifunga kiunoni.

Jumanne, 18 Novemba. Simi-Simi

Tuko hai. Naanza na hilo.

Tuko kwa shangazi wa Idi, mjini, karibu na uwanja wa ndege wa zamani. Pakavu. Nimelala siku nzima ya jana. Leo nataka kuandika kabla akili haijaanza kupamba mambo.

Jumapili baada ya adhuhuri nilikuwa nimesimama juu ya kitanda, namshikilia mama ili avae kitambaa cha pili, kwa sababu alikuwa anatetemeka. Ukuta wa dirisha haukuanguka. Uliketi. Uliketi chini taratibu ndani ya maji, kama mtu mzima aliyechoka, na dirisha likaenda nao likiwa bado limefungwa komeo. Mwanga wote wa mchana ukaingia. Nikamwona mama vizuri. Akaniona. Bati za juu zikaanza kulia.

Sikuwaza. Nilimshika mkono nikamvuta kupitia pale ulipokuwa ukuta. Maji yalikuwa kifuani. Mbele yetu palikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakitikisiki, nacho ni tanuri la Idi. Yeye alikuwa akipanga tanuri kwa kulirudisha ndani kidogo kila safu, wengine walimcheka kwamba anajenga ngazi. Tulipanda ngazi hiyo. Nilimsukuma mama kwa bega, nikamshika mahali ambapo mkwe hamshiki mkwe. Udongo wa nje ulikuwa unateleza, lakini chini yake matofali yalikuwa yameiva, makavu, makali. Yamenichana magoti. Tulifika juu. Tukageuka, na nyumba ikamalizika. Kuta tatu zilizobaki zikafuata, bati zikalala juu ya maji.

Basi mjane wa Idi, ambaye hapaswi kuonekana na mwanamume, alikaa juu ya tanuri, katikati ya mtaa, mchana kweupe, na nguo nyeupe iliyomganda mwilini, na Lubunga yote inamwangalia kutoka juu ya mapaa. Mtu mmoja alinipungia mkono. Nikampungia.

Mvua ilianza tena. Tulikaa tumekumbatiana. Mama alikuwa anakohoa, halafu nikagundua si kukohoa tu, analia. Akasema kitu ambacho nilimwomba arudie, kwa sababu ya mvua.

"Nasema, juu ya nini hukusema tutoke? Tangu ile moshi. Mimi nilikuwa nangoja weye useme!"

Nilimwambia mimi ndiye niliyekuwa namngoja yeye. Kwamba nilidhani akiniona natoka ataona simheshimu mwanawe. Akaniangalia kama aliyepigwa kofi. Naye akaniambia yake. Siku ya mazishi alikuwepo ukumbini. Aliwasikia wale wanawake, na akawajibu. Aliwaambia, huyu atakaa, huyu anampenda mwanangu, mtaona. Baada ya hapo angesemaje twende? Angekuwa yeye ndiye aliyeniharibia. Kifua kinamuua, moshi unamuua, na anakoroga uji kimya, anangoja mimi nichoke kwanza.

"Kwa hiyo ulitaka kutoka," nikasema.

"Siku ya kwanza ya moshi!" akasema mama. "Siku ya kwanza!"

Sijui nani alianza kucheka. Haikuwa kicheko kizuri. Tulicheka huku tunalia, wanawake wawili wajinga juu ya lundo la matofali, tulioheshimiana mpaka tukakaribia kufa. Nilimpenda wakati ule kuliko siku zote nilizokaa naye. Nilikuwa pia nimemkasirikia mno. Yote mawili.

Kitu kingine alisema, akiwa ameacha kucheka. Alisema hakutaka kunizika mimi pia. Mmoja anatosha.

Shabani alitokea jioni inaanza. Alikuwa amepata mtumbwi wenye ufa, anapiga kafi kwa nguvu, anaita jina la mama yake. Alipoiona nyumba haipo, aliacha kupiga kafi. Mtumbwi ukazunguka wenyewe. Tukapiga kelele. Akatuona. Na hapo, Mungu amsamehe, akageuza uso pembeni, kwa sababu ya eda yangu, akaanza kuja huku anaangalia upande mwingine. Akagonga mchikichi ulioanguka. Karibu azame.

Nikapaza sauti, ile ya darasani.

"Shabani! Niangalie, ama tutakufa wote!"

Aliniangalia. Uso wake ulikuwa umelowa, na si mvua peke yake. Akasema, "Pardon, shemeji," akaja moja kwa moja.

Jumapili, 23 Novemba

Kikohozi cha mama kimepungua. Dispensari wamempa dawa ya kifua na wakamgombeza.

Wale wanawake wa ukoo wamekuja kutupa pole. Walikaa mkekani, wameshika mikono mapajani. Mmoja alianza kuuliza kama eda ya mtu aliyeonekana na mtaa mzima bado inahesabika. Mama aliweka kikombe chini. Aliweka kikombe tu. Yule mwanamke akaanza kuzungumza habari za bei ya makemba, ndizi za kupika.

Mvua leo hakuna. Moshi wa makaa tu, wa kupikia. Hata hivyo nilisimama haraka nikafungua dirisha. Mama akacheka, akasema afadhali sasa najifunza kufungua.

Naota ukuta unaoketi. Kila usiku. Naamka nikigusa ukuta wa hapa. Ni mgumu.

Ijumaa, 28 Novemba

Shabani amekuja, amekaa nami barazani. Hakuna pazia. Ni mama aliyeliondoa, bila maelezo. Mwanzoni alikuwa anaongea na ukucha wa mguu wake, baadaye akanitazama kidogo.

Amesema maji yameanza kurudi. Hatuwezi kujenga pale tena. Amepata nafasi kule juu, ng'ambo ya gare, udongo mwekundu, hapajai hata mwaka wa mvua nyingi. Nimemuuliza kuhusu shimo. Akasugua magoti. Amesema atalifunga. Nikamuuliza kwa udongo gani.

Akasema, "Bon. Udongo wa nyumba yenu iko pale."

Mama alikuwa anasikiliza. Aligeuka upande wa ukuta. Nami nikaenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji.

Jumapili, 7 Desemba

Eda imekwisha. Desturi ya ukoo ni kumpeleka mjane mtoni, aoge, aiachie nguo nyeupe iende na maji. Nimekataa. Nimesema mto huu ulinifuata mwenyewe mpaka kitandani, sina deni nao. Nimeoga kwa ndoo, nyuma ya nyumba ya shangazi. Mama ndiye aliyenimwagia. Nguo nimeifua, nitaitumia kufutia meza. Nimevaa kitenge cha kijani.

Tukavuka kwenda Lubunga, mimi, mama na Shabani. Mto ulikuwa mpana, wa kahawia, mpole, kama ambao haujafanya kitu.

Pale palipokuwa na nyumba pana tuta laini, limeshaota majani. Vijana wa Shabani wanachukua udongo kwa mikokoteni na kuumwaga shimoni. Bichi lilitoka humo, bichi limerudi humo. Nilisimama nikaangalia mikokoteni kadhaa. Niliona kipande chenye rangi ya bluu, ile tuliyopaka ukumbini mwaka tuliooana. Kikaenda na kingine.

Tanuri limesimama. Lina mstari wa matope ulipofika mto, na juu yake alama za vidole vyetu tulipopanda, zimekauka. Vijana waliacha kazi, wakavua kofia. Shabani akanionyesha pa kuanzia, kona ya juu, upande wa mashariki. Nikashika tofali, nikatikisa, likatoka.

Halikuiva. Jekundu nje, jeusi katikati. Idi alikuwa hivyo, mwenye haraka akipanga kwenye pembe, siku zote namwambia. Nikacheka peke yangu. Vijana waliogopa, wakadhani ni mkosi. Nikavuta la pili. Hilo likalia nilipoligonga, zuri, lote jekundu. La tatu vilevile. Nikawaambia haya, endeleeni.

Mama aliomba lile la kwanza. Nilimwambia ni bovu, halifai kujengea. Akasema anajua. Akalifunga ndani ya kanga yake, akalipakata mtumbwini mpaka ng'ambo, akikaripia kila aliyetaka kumsaidia kubeba.

Jioni tumekula lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa Mama Béa, ambaye ameshaanza safari zake. Kesho narudi shuleni. Mama amelala mapema. Tofali liko chini ya kitanda chake, upande wa ukutani, amelifunika na kiatu. Nimefagia nikalizunguka, nikajifanya sikuliona.